Scania ya plastiki imeshikana yote kwa gundi: friza, asetoni au wembe?

vumbi_la_dom
Mbukwenyi wakuu. Nina Scania ya plastiki ya Italeri, zile za kuunganisha mwenyewe, kipimo 1/24. Niliinunua mkononi kwa mtu hapa Majengo ikiwa imeshaunganishwa na kupakwa bluu kwa brashi, vumbi limegandia humo humo kwenye rangi. Nataka iwe nyeupe yenye mstari mwekundu, kama semi zinazopita hapa kwenda Singida. Shida ni gundi. Kebini, vioo vya pembeni, ngazi, tangi la mafuta, vyote vimeshikana. Nimesikia habari za friza, asetoni na wembe. Ipi haitaniharibia gari?

tela_refu
Asetoni, mkuu, usijichoshe. Langu nililoweka jioni, asubuhi vipande vinatoka kwa mkono.

fundi_area_d
Tela_refu, hilo lako ni la plastiki au la chuma?

tela_refu
Chuma.

fundi_area_d
Basi ndiyo maana. Vumbi, usithubutu! Plastiki ya hizi seti ni polistirini, na asetoni inaiyeyusha kama inavyoyeyusha gundi. Utakuta uji kwenye bakuli. Tina ya rangi za magari na petroli nazo ziweke mbali.

Kabla ya kuchagua njia, chunguza maungio. Aliyeunganisha kama alitumia supagluu, pembeni utaona ukungu mweupe au tone gumu linalong'aa kama kioo. Hiyo inakaa katikati ya vipande viwili, na baridi inaifanya ikatike. Kama alitumia gundi maalumu ya modeli, hali ni nyingine kabisa. Ile inalainisha plastiki pande zote mbili, kisha inavukiza, na vipande vinabaki kitu kimoja. Hapo friza haina cha kuachanisha.

mama_zabibu
Na asikudanganye mtu na maji ya moto. Mimi nilimwagia ya birika, paa la kebini likapinda kama chapati. Gundi haikuachia hata kidogo.

vumbi_la_dom
Nimeangalia kwa tochi ya simu. Vioo vya pembeni na ngazi vina ukungu mweupe. Kebini na chesi hakuna kitu, ni mstari tu.

fundi_area_d
Kumbe alitumia gundi zote mbili. Vioo na ngazi vipeleke friza, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, usiku kucha. Ukivitoa fanya haraka kabla havijapata joto: sukuma kwa pembeni, usivute. Ila na plastiki yenyewe inakuwa dhaifu kwenye baridi, kwa hiyo mikono ya vioo uishike karibu na shina.

Kebini ni ya kisu cha wembe, na hapa wengi wanakosea. Usitumie makali. Geuza kisu, upande butu wa ncha ndio upite kwenye ule mstari, taratibu, bila kukandamiza. Kila ukipita unatoka uzi mwembamba wa plastiki uliojikunja. Ukipita mara thelathini, arobaini, mfereji unafika chini. Makali yanateleza na kuchana mlango, nimeshafanya hivyo na nikajuta.

Halafu jiulize, ni vipande vingapi vitakuwa na rangi tofauti? Kuta za kebini zote ni nyeupe, za nini kuzibandua? Tenganisha kebini na chesi, toa vioo, basi. Tangi likigoma, lifunike kwa tepu ya mafundi rangi.

mzee_wa_breki
Kuhusu ile bluu: kama ni rangi ya mafuta, loweka kwenye mafuta ya breki, DOT 3, usiku mmoja. Polistirini kwa kawaida haidhuriki. Vaa glavu, sugua kwa mswaki wa zamani, osha kwa sabuni ya vyombo. Kama ni akriliki, spiriti inatosha. Jaribu kwanza upande wa chini wa chesi. Madirisha usiyatumbukize humo. Rimu za kromu nazo, ukitaka kuzivua kromu, zitie kwenye Jiki.

vumbi_la_dom
Mrejesho. Kioo cha kushoto kimetoka kwa mlio mmoja, ta! Cha kulia mkono umekatika, kosa langu, nilishika kwa juu. Ngazi zote mbili salama. Kebini imenila jioni mbili na kidole kinauma, lakini imeachia, mlango hauna mkwaruzo. Kioo cha mbele kimegoma nikakiacha, nitakifunika kwa tepu. Sasa huu mkono nauungaje? Supagluu peke yake inaachia nikigusa.

fundi_area_d
Pini ya stepla. Kata kipande kirefu kama punje ya mchele, toboa kwa sindano ya moto pande zote mbili, pini iingie katikati, ndipo utie supagluu. Sindano iguse tu na kutoka, ikikaa inaacha shimo pana.

mama_zabibu
Na kupuliza rangi iwe alfajiri, vumbi. Upepo wa hapa mchana unaujua mwenyewe, hiyo nyeupe itageuka kahawia kabla haijakauka.

vumbi_la_dom
Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi basi, kwenye korido. Na mama watoto anauliza nani ameweka lori juu ya samaki wake.