MJADALA: Askari aliyeahidi kumpiga risasi mkubwa wake, ni mtiifu au msaliti?

Mleta mada:
Wakuu, ubishi huu ulianzia kijiweni na mpaka sasa haujapata mshindi. Tulikuwa tunataja askari wa kwenye anime (katuni za Kijapani) ambao si nyota wa hadithi, ila maneno yao hayakutoki kichwani. Nikamtaja Luteni Riza Hawkeye wa Fullmetal Alchemist: Brotherhood, ile ya 2009 hadi 2010, episodi 64. Jamaa mmoja akaguna: "Yule mtiifu gani, anatembea na risasi ya bosi wake?"

Kwa ambao hawajaitazama: Hawkeye ni mdunguaji wa jeshi la Amestris, msaidizi wa Kanali Roy Mustang, yule anayewasha moto kwa kusugua vidole vya glavu. Elimu ya moto ule ilikuwa ya baba yake Hawkeye, naye aliiacha imechorwa mgongoni mwa bintiye. Binti akamwonyesha Mustang, akiamini atailindia raia. Ikaenda kuunguza watu wa Ishval, eneo ambalo jeshi hilo hilo liliwaangamiza wenyeji wake. Vita vilipoisha, Hawkeye mwenyewe akamwomba Mustang amchome mgongo, ile michoro isisomwe tena na mtu.

Ndipo Mustang akamkabidhi kisogo chake: nilinde, na siku nikipotoka, una ruhusa ya kunipiga risasi. Yeye akakubali kumfuata hata jehanamu akitaka.

Msimamo wangu: huo ndio utii. Anayesema "ndiyo afande" kwa kila kitu sisi huku tunamwita chawa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeiremba. Hawkeye alikuwepo Ishval. Alilenga, akafyatua, watu wakafa. Huyo bosi hakuwa amepotoka siku hiyo? Bastola ilikuwa wapi? Sharti la "ukipotoka" limekuja makaburi yakiwa yamejaa. Rahisi sana.

Mchangiaji wa pili:
Mimi naomba mtazame tena episodi ya 54 kabla hamjaendelea. Mustang kamkamata Envy, kiumbe bandia mwenye umbo la mtu, aliyemuua rafiki yake Hughes. Anamuunguza, anamwacha apumue, anamuunguza tena. Anafurahia. Hawkeye anamwekea bastola kisogoni. Mustang anamuuliza, ukishaniua utafanya nini? Anajibu kwamba hana nia ya kubaki akiishi kwa raha peke yake: vita vikiisha, atauondoa mwili wake duniani pamoja na siri ya alkemia ya moto, ile elimu ya baba yake.

Hapo mkono wa Mustang ukashuka. Hakuogopa risasi, alishakuwa tayari kufa. Kilichomshusha ni hesabu ya kumpoteza yeye.

Mchangiaji wa kwanza:
Basi umenisaidia. Mwanamke ambaye maisha yake yanakwisha bosi akifa, huo uhuru uko wapi? Na alipodhani Lust, kiumbe mwenzake Envy, kamuua Mustang, alimimina risasi zote, zilipokwisha akakaa chini akalia, akasubiri kifo. Mustang mwenyewe alimfokea kwa hilo.

Mchangiaji wa tatu (dada yenu):
Mnamsoma kama mjane. Msomeni kama mwenye deni. Siri ya moto ilitoka mgongoni mwake, yeye ndiye aliyeitoa. Akimuua Mustang, anabaki yeye, na yeye ndiye chanzo. Kwangu mimi maneno yake makubwa ni yale aliyomwambia Winry, yule binti fundi, alipoulizwa kwa nini ni askari: anafyatua kwa hiari yake, kwa ajili ya mtu anayemlinda. Askari wangapi wa vitabuni na wa kweli wamejificha nyuma ya amri? Yeye anakataa hicho kichaka. Damu ni yangu, anasema.

Mleta mada:
Dada, hapo kwenye deni umenifungua macho. Na wewe wa kwanza, nakupa Ishval. Sina jibu, na nadhani Hawkeye mwenyewe hana, ndiyo maana hasemi popote kwamba amesamehewa.

Ila kuhusu uhuru nakukatalia. Kumbuka chini ya makao makuu: shingo yake imekatwa, damu inatapakaa sakafuni, na yule daktari wa jino la dhahabu anamwambia Mustang, fanya alkemia ya binadamu iliyokatazwa (ile ya kujaribu kuumba au kufufua mtu), nami nitamponya. Hawkeye anakataa, sauti yenyewe haitoki vizuri. Halafu anampa ishara kwa macho. Mustang anayasoma yale macho, anamjibu daktari kwamba hafanyi. Kanali anatii, luteni ndiye ameamua.

Mchangiaji wa pili:
Mimi bado nachagua ile ya makaburini. Hughes kazikwa, Mustang anasema leo mvua inanyesha. Hawkeye anamwambia mbona hainyeshi. Anaona chozi linateremka. Anasema: kweli, inanyesha.

Mchangiaji wa kwanza:
Hiyo sina ubishi nayo. Ila Ishval tutarudi.