Tupeane uzoefu: ombi la usalama barabarani lisiloishia kwenye droo

Kokoto
Wakuu, barua nyingi za wakazi huandikwa hivi: "Tunaomba matuta, watoto wetu wanagongwa." Mhandisi akiisoma hapati pa kuanzia. Wapi hasa? Saa ngapi? Magari yanakimbia kiasi gani? Na mara nyingi barabara yenyewe si ya halmashauri, ni ya wakala wa barabara kuu, basi barua inalala hapo hapo. Wenye ujuzi wa kupima, kuandika na kufuatilia, mwageni hapa ili mtu aende kikaoni na faili mkononi.

Mpimaji
Anzeni na mwendo. Rada haihitajiki. Chagua kipande kilichonyooka, pima mita 50 kwa tepu, weka alama mbili pembeni. Mmoja asimame alama ya kwanza na ainue mkono gurudumu la mbele linapofika. Mwenzake wa alama ya pili aanze kuhesabu kwa simu, asimamishe gari likimfikia. Mita zidisha kwa 3.6, gawanya kwa sekunde. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 3.6 ni 50, sekunde 3 ni 60.

Vipimo huharibika kwa njia tatu. Kwanza, kupima magari yaliyofuatana: la nyuma linakwenda mwendo wa la mbele. Pili, kuvaa vizibao vya kung'aa, madereva wakadhani ni trafiki. Tatu, kutumia umbali mfupi. Kwenye mita 20, kuchelewa kubonyeza kwa sekunde 0.3 kunaigeuza 60 kuwa 48. Kwenye mita 50 kosa lile lile linaishusha hadi 55 hivi.

Pata magari 100 yanayokwenda bila kuzuiwa, yapange kuanzia la polepole. Mwendo wa gari la 85 ndio wa kuandika kwenye barua. Wahandisi nao hutumia kipimo hicho, na wastani huwaficha wanaokimbia.

Mwanakamati
Kuhesabu wanaovuka: vipindi vya dakika 15, siku ya kawaida katikati ya juma, shule zikiwa wazi. Tenganisha wanafunzi, wazee, wenye ulemavu na baiskeli. Chora pia wanapovukia kweli. Kivuko kikiwekwa mita 80 kutoka hapo kwa sababu tu pana nafasi, kitabaki rangi juu ya lami.

Kokoto
Na matuta yenyewe?

Fundi Lami
Hapa nitarefusha, maana matuta ndiyo yanayoombwa sana na kukosewa sana. Lile fupi la ghafla, upana wake nusu mita, humtikisa anayekwenda taratibu. Anayekimbia, springi zinameza mshtuko. Yaani linamwadhibu mstaarabu. Tuta la mviringo lililofanyiwa utafiti Uingereza miaka ya 1970 lina mita 3.7 kwa mwelekeo wa safari na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Hilo, kadiri unavyokimbia ndivyo linavyokukera.

Tuta moja pekee halitoshi: dereva anafunga breki, analipita, anakanyaga mafuta tena. Yapangwe kwa mfululizo, kila baada ya mita 60 hadi 100. Kwenye kivuko linafaa tuta bapa, juu pana kiasi cha watu kuvukia hapo hapo.

Kinachosahaulika zaidi ni maji. Tuta likiziba hadi ukingoni, mvua inaacha dimbwi na lami inaanza kuchimbika. Uachwe mwanya wa sentimita 20 hadi 30 pembeni au lipitishwe bomba chini. Kisha alama ya onyo kabla ya tuta, michirizi ya rangi na viakisi, kwa sababu tuta lisiloonekana usiku linaangusha pikipiki. Wakazi wasijijengee wenyewe kwa udongo au matairi. Mtu akianguka, kesi ni yenu na ombi lenu limekufa.

Kuna mahali tuta si dawa: mteremko mkali, mara tu baada ya kona, njia kuu ya ambulensi na mabasi. Hapo kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 hivi humwezesha mtu kuvuka upande mmoja, akapumua, akamalizia wa pili. Kwa hiyo barua isidai matuta. Iseme mwendo uliopo ni huu, unaotakiwa ni 30, wanaovuka ni hawa. Mhandisi achague dawa, na akikataa aeleze sababu kwa maandishi.

Hesabu Rahisi
Ongezeni hii. Barabara ya mita 7, mzee au mtoto anayekwenda mita 1 kwa sekunde anahitaji sekunde 7. Gari la kilomita 60 kwa saa limeshakwenda mita 117. Kama kona au gari lililoegeshwa linaziba macho ndani ya umbali huo, kuangalia kulia na kushoto hakumwokoi. Ile hoja ya "fundisheni watoto wenu" inaishia hapo.

Kusimama kwenye lami kavu, sekunde moja ya kushtuka ikiwemo: mita 13 kwa mwendo wa 30, mita 28 kwa mwendo wa 50. Ukitaka nukuu, mbili zinatosha. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda asilimia 1, hatari ya ajali za vifo hupanda asilimia 4. Na Azimio la Stockholm la 2020 lilitaka kikomo cha kilomita 30 pale magari yanapochanganyika na watembea kwa miguu.

Mwanakamati
Faili sasa. Barua ukurasa mmoja, mchoro, jedwali, picha zenye tarehe. Kila karatasi ya sahihi iwe na maneno ya ombi juu yake, la sivyo mtu atasema watu hawakujua wanasaini nini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Nakala zaidi ziende kwa diwani, polisi wa usalama barabarani na mkuu wa shule.

Rekodi za polisi hazina kila ajali, kwa hiyo wekeni daftari: tarehe, saa, mahali, nini kiligongana na nini, mvua au giza. Majina ya majeruhi yasiwemo.

Pelekeni kabla bajeti haijaandaliwa. Ikishapita mtaambiwa hakuna fungu. Yasiyohitaji fungu kubwa yaombwe peke yake: kufyeka majani yanayofunika alama, kuondoa maegesho karibu na kivuko, kurudishia rangi. Na msitoke kikaoni kabla ombi halijaingia kwenye muhtasari.

Kokoto
Kivuko kikiwa jirani na kituo cha basi?

Fundi Lami
Basi livuke kivuko kwanza ndipo lisimame, abiria wavukie nyuma yake. Anayevukia mbele ya basi haonwi na anayelipita. Barabara ya njia mbili kila upande ina mtego huo huo: gari moja linasimama, la pembeni linapita. Mstari wa kusimamia urudishwe nyuma mita kadhaa.

Mpimaji
Kazi ikikamilika, kapimeni pale pale, saa zile zile, kisha mita 100 mbele. Mwendo ukiwa bado uko juu, au tuta limejengwa chini ya kimo cha kwenye mchoro, andikeni kabla kipindi cha matazamio cha mkandarasi hakijaisha, maana humo kasoro za ujenzi hurekebishwa kwa gharama yake.