Nimeenguliwa kwenye fainali kwa kipande cha alumini nilichoambiwa dukani "ni halali kabisa"

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, atakayeona lugha imenitoka anisamehe mapema. Na mods, tafadhali msiuhamishie jukwaa la watoto. Najua mkisikia magari ya rimoti mnaona mtoto sebuleni anasubiri kununuliwa betri. Sizungumzii hayo.

Niko Uingereza mwaka wa sita sasa. Majira ya baridi jioni huku hakuna la kufanya, jamaa mmoja wa kazini akanivuta kwenye klabu yao. Wanakodi ukumbi wa michezo wa shule, wanatandika zulia, wanapanga vizuizi, kisha mnakimbiza magari dakika tano tano mpaka saa nne usiku. Nikanasa mzima mzima.

Gari langu ni Tamiya TT-02. Kwa wasioijua: ni chesesi ya Wajapani wa Shizuoka, ilitoka 2013, ukubwa wake ni 1/10 ya gari la kweli, na magurudumu yote manne yanavuta kupitia propela shafti moja ya katikati. Unainunua ikiwa vipande ndani ya boksi, unaifunga mwenyewe. Darasa letu ni la wanyonge: kila mtu TT-02, mota ni ile ile ya saizi ya 540 ya mkebe wa rangi ya fedha inayokuja na boksi, tairi aina moja. Anayeshinda ashinde kwa vidole vyake, pochi ikae mfukoni. Hilo ndilo lililonipendeza.

Sasa, TT-02 ikitoka kwenye boksi imebaniwa kila mahali ili bei iwe chini. Panapotakiwa beringi wameweka bushi za plastiki. Shokapu hazina mafuta, ni springi na msuguano tu, gari linarukaruka kama daladala ya mbagala kwenye matuta. Usukani umelegea. Kwa hiyo kila mtu anaongeza vitu, na sheria zinaruhusu kuongeza baadhi. Hayo "baadhi" ndiyo yaliyoniua.

Nilikwenda duka moja la vifaa hivi, si mtandaoni, duka lenye mlango na muuzaji wa kusimama mbele yako. Jina silitaji, siwatafutii kesi. Nikamwambia kwa kinywa changu: nakimbiza darasa la TT-02 klabuni, nataka vitu ambavyo sitaenguliwa navyo. Akaniwekea mezani beringi, shokapu za mafuta, pinioni (ile gia ndogo inayokaa kwenye mota) ya meno 23, na kishikio cha mota cha alumini, cha bluu, kinang'aa kama kito. Nikauliza tena, hiki nacho kinaruhusiwa? Hakupepesa jicho. "Ni halali kabisa, wote wanatumia." Nikatoa pauni 64.

Ijumaa ile niliendesha kuliko siku zote. Fainali B, ile ya kundi linalofuata baada ya wenye kasi kuliko wote, nikatoka wa pili. Mkaguzi wetu ni mzee mstaafu, mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akalipitisha gari kwenye kipimo cha upana, likapita. Akaligeuza, akazungusha tairi moja kwa kidole huku ameinamisha sikio. Kisha akasimama pale kwenye mota. Akatoa tochi ndogo mfukoni, akamulika kile kibluu, akapitisha ukucha juu yake taratibu. Akaniuliza, "Pakiti yake unayo?"

Pakiti! Pakiti ilishakwenda na taka za Jumanne.

Kumbe sheria ya klabu inasema kipande chochote cha kuongeza lazima kiwe cha Tamiya wenyewe, tena kiwe kwenye orodha. Tamiya wanatengeneza kishikio cha mota cha alumini cha TT-02, na rangi yao ni hiyo hiyo ya bluu. Changu kilikuwa cha kiwanda kingine, kimepakwa bluu ile ile, kinakaa kwenye skrubu zile zile. Mzee akaniomba radhi, kweli kabisa aliniomba radhi, halafu akalipiga mstari jina langu.

Kinachouma zaidi ni kwamba kile kipande hakiongezi mwendo hata chembe. Kazi yake ni kusaidia mota itoe joto na isicheze pale ilipofungwa. Nimeenguliwa kwa kitu ambacho hakijanisaidia kumpita mtu yeyote.

Na mimi, wakuu, nimekulia kwenye spea. Mzee wangu alikuwa na kibanda Gerezani, Kariakoo. Nikiwa darasa la tano nilikuwa natofautisha beringi orijino na ya kuchongesha kwa kuishika tu. Ndiyo maana nikajiamini. Nilikishika kile kishikio, nikakipima kwa mkono, nikaona kazi safi. Na ni kazi safi kweli! Lakini Gerezani swali huwa "kitu kizima au kibovu?" Kwenye mbio hizi hakuna anayejali uzima wake. Wanauliza kimeandikwa au hakijaandikwa. Kizuri kisichoandikwa ni dhambi, kibaya kilichoandikwa ni ruksa.

Klabu nayo siiachi. Karatasi ya sheria imebandikwa ukutani karibu na birika la chai, ukurasa mmoja, na mstari wa nne unasema vipande vinavyoruhusiwa "vipo kwenye orodha". Orodha yenyewe iko wapi? Kwa katibu. Kwenye faili lake. Nilikuwa mwanachama miezi mitano bila kuiona hiyo orodha kwa macho. Haya, na mimi sikuiulizia, hilo nalikubali. Lakini sheria ikibandikwa nusu ukutani na nusu ikakaa kwenye mkoba wa mtu, mnategemea mgeni ajue kwa ndoto?

Halafu hilo neno halali. Huku nililizoea buchani, pale angalau unaonyeshwa cheti. Muuzaji akikwambia kipande ni halali, muulize halali ya nani. BRCA, chama cha mbio za rimoti cha hapa Uingereza, wana orodha zao za mota, betri na bodi zilizopitishwa kwa mashindano ya kitaifa. Ulaya kuna EFRA, Marekani kuna ROAR. Na klabu ya ukumbini kama yetu inajitungia zake. Kitu kimoja kinaweza kupita huku kikatupwa kule. Muuzaji huyajua haya yote, na bado anauza kwa neno moja.

Pinioni nayo ina kisa chake. TT-02 inakuja na pinioni ya meno 22 na gia kubwa ya meno 70, uwiano wa mwisho unatoka 8.27 kwa 1. Sheria zetu zinaruhusu kwenda mpaka 23, ambayo inashuka 7.91, gari linakimbia kidogo zaidi kwenye mnyoofu. Sawa. Ila meno ya gia za TT-02 ni ya moduli 0.6 (hicho ni kipimo cha ukubwa wa jino), na nilichouziwa ni meno 23 ya kipimo kingine, kile cha 48 pitch, madogo zaidi. Kwa macho huoni tofauti. Mezani vilishikana. Kwenye zulia gari likalia kama mashine ya kusaga mahindi, na nilipofungua nikakuta gia kubwa imelika upande mmoja, unga wa plastiki umejaa kwenye grisi. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya kuenguliwa. Ningekuwa na akili ningeshtukia tangu hapo kwamba yule bwana haangalii anachouza.

Kuna jambo jingine nitalisema hata kama litawaudhi wenzangu wa klabu wanaojua Kiswahili (hakuna). Mota ya mkebe wa fedha ni ya bei nafuu, ndiyo sababu imechaguliwa. Lakini za kiwandani hazilingani, moja inazunguka kwa kasi kuliko jirani yake. Kuna mtu pale ananunua mota kumi, anazipima moja moja kwenye mashine, anabaki na moja, tisa anaziuza. Wengine wanaizungusha mota mpya ndani ya kikombe cha maji ili brashi, vile vijipande vya ndani vinavyopeleka umeme, zikae vizuri. Hayo yote yamepita, hayapingwi na mstari wowote. Mimi wa kishikio cha bluu ndiye mvunja sheria.

NYONGEZA: Mkuu mmoja kauliza aanze na kipi. Anza na karatasi. Omba orodha kwa maandishi, ipige picha, ndipo uende dukani, na pakiti usizitupe mpaka msimu uishe. Beringi zinaruhusiwa karibu kila mahali na ndizo zenye faida ya kweli, tafuta saizi ya 1150: tundu milimita 5, nje 11, unene 4. Kisha shokapu za mafuta. Baada ya hapo hela yako peleka kwenye tairi na kiingilio, mambo ya alumini achana nayo.

NYONGEZA 2: Anayeniambia nihamie darasa la mota zisizo na brashi, asante, nimekuona. Kule wanaendesha mota za 17.5 (hiyo ni mizunguko ya waya ndani ya mota), kidhibiti mwendo lazima taa yake iwe inapepesa kuonyesha hakijaongezewa chochote, na betri ya seli mbili inapimwa kabla hujaingia zuliani, ikizidi volti 8.40 umekwisha. Kama nimeshindwa kwenye kishikio, kule si nitalala polisi. Na hapana, huu si mchezo wa Wazungu peke yao: fainali za dunia za 2018 za magari ya umeme ya 1/10 zilifanyika Welkom, Afrika Kusini.

NYONGEZA 3: Aliyesema pauni 64 ningenunua mifuko ya saruji Kibaha, mke wangu ameshakutangulia kusema.

Duka limekataa kunirudishia hela kwa sababu kipande "kimeshafungwa skrubu". Kipo hapa mezani, bluu, kina mkwaruzo mmoja mdogo wa ukucha wa mzee. Anayekitaka aje PM, ila aniambie kwanza anakimbiza darasa gani.