Mkaa: tuupige marufuku, au tumwachie mwanakijiji msitu wake?

Mleta mada (Mbagala):
Wakuu, salaam. Juzi mama mwenye nyumba wetu kabandika karatasi ukutani, pale ilipo LUKU, mita yetu ya umeme: MARUFUKU KUPIKIA UMEME. Jioni ile ile redioni nikasikia habari za nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Nikacheka peke yangu. Serikali inanikataza mkaa, mwenye nyumba ananikataza umeme, na mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiisha tarehe 19 mshahara bado uko mbali.

Hoja yangu ni hii. Watu wanasema mkaa ni ujinga au ukaidi. Si kweli. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mtu anayepata riziki kwa siku ananunua moto wa siku. Gesi inamtaka atoe elfu ishirini na kitu kwa mpigo, ndiyo maana mitungi mingi iliyogawiwa bure leo imegeuka vigoda vya kuwekea ndoo. Tusipoanzia hapo, marufuku itapandisha bei tu. Mapema mwaka 2006 tuliupiga marufuku mkaa nchi nzima. Haikuchukua muda amri ikaondolewa, na mkaa ulikuwa ukiingia mjini muda wote huo.

Nasema hivi: wanakijiji waruhusiwe kuchoma na kuuza mkaa wa msitu wao wenyewe kwa utaratibu, nasi mjini tuuziwe gesi na umeme kidogo kidogo kama tunavyouziwa mkaa. Karibuni mnipinge.

Mkaanga chipsi (Temeke):
Mkuu umeongea. Mimi nina majiko mawili ya mkaa barazani. Aje mtu anieleze nakaangaje kwa gesi halafu sahani niiuze bei ile ile. Nitamsikiliza vizuri tu, ila aje na kikokotoo.

Mwalimu (Dodoma):
Mleta mada, hoja yako tamu lakini ina tobo. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya bweni. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Tulilalamika, tukaomba muda, tukaandika barua. Mwisho tukafunga gesi. Mpishi wetu, mama mmoja mtu mzima, alikuwa akitoka jikoni macho mekundu kama aliyetoka msibani, na kikohozi hakimwachi. Sasa anapika amevaa kitenge cheupe, anatutania kwamba zamani kingekuwa kijivu kabla ya uji kuiva. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa moshi wa majumbani. Bila amri tungehama lini? Huruma si kumwachia mtu moshi wake eti ndio anaoumudu.

Na ndiyo, gharama ilipanda. Wazazi walinung'unika, na wengine bado.

Mtoto wa mchoma mkaa (Kilosa):
Naomba niseme neno, maana kila mjadala wa mkaa sisi tunatajwa kama wezi wa ng'ombe.

Baba yangu kachoma mkaa tangu sijazaliwa. Zamani alikuwa akikata popote, anapanga magogo, anafukia udongo, analala porini siku kadhaa akilinda tanuri lisitoboke, maana likitoboka asubuhi unakuta jivu. Kwa tanuri la namna hiyo kilo 10 za mti zinakupa kilo moja ya mkaa, mbili ukibahatika. Mnunuzi anakuja usiku, anajaza lumbesa, gunia la kupita kipimo, analipa anavyotaka, kwa sababu anajua huna kibali na huwezi kumshtaki popote.

Kuanzia mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya yetu viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu, ukiongozwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu yao. Msitu wa kijiji unapimwa, unagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti: kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa. Kwenye vyanzo vya maji na miteremko mikali hakukatwi kitu. Visiki having'olewi, na miti ya miombo ina sifa hiyo: ukiikata inachipua yenyewe. Kitalu kilichovunwa kinapumzika miaka 24. Kila gunia lina ushuru unaoingia mfuko wa kijiji, na mkutano mkuu ndio unaoamua, iwe darasa, zahanati au maji.

Sisemi ni pepo. Kuna viongozi wa kijiji wanaopenda mfuko kuliko msitu. Lakini nimeona wazee waliokuwa hawana habari na pori wakifanya doria, kwa sababu sasa lina thamani kwao. Na jambo ambalo watu wa mjini hawalisemi: kinachomaliza msitu huku zaidi ni mashamba. Anayefyeka ekari tano za mahindi na ufuta anang'oa na visiki, na hakuna anayemkamata kwa sababu habebi gunia jeusi kwenye bodaboda.

Jirani (Kitui, Kenya):
Hamjambo wenzetu. Huku tunaita makaa, na hii sinema tuliiona. Mwaka 2018 kaunti yetu ilipiga marufuku biashara ya makaa, na serikali kuu ikasimamisha ukataji miti misituni. Bei Nairobi ilipanda hadi watu wakashangaa. Gavana alikuwa na sababu: mito yetu ilikuwa imebaki mchanga mtupu na malori yalikuwa yakipakia kila usiku. Nilimuunga mkono, na bado naona hakukosea. Lakini kijana aliyekuwa akichoma hakupewa kazi nyingine, akajifunza tu njia za vichakani. Rais akaondoa zuio la ukataji mwaka 2023, ubishi ukaanza upya.

Mleta mada:
Mwalimu, umenibana na nakubali. Shule ina jiko moja, bajeti na mkuu wa kumwandikia barua. Amri ina mahali pa kukamatia. Kwa taasisi sina ubishi tena. Lakini nyumba yangu ina wapangaji wanane na LUKU moja. Mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi mia moja ishirini na kitu kwa uniti, kodi ikiwemo. Sisi wanane tukichanganywa tunavuka, tunanunua kwa mia tatu hamsini na kitu kama mwenye kiyoyozi. Punguzo la maskini linaishia kwa mwenye nyumba yake peke yake. Mkungu wa maharage kwenye presha kuka ya umeme hauli hata uniti moja! Ni nafuu kuliko kopo la mkaa, na mimi siruhusiwi.

Mwalimu (Dodoma):
Maharage hayana mkungu, mkuu. Ila hapo kwenye LUKU umenifunza kitu. Sikuwahi kufikiri kwamba kizuizi kinaweza kuwa karatasi ya mama mwenye nyumba.

Mkaanga chipsi (Temeke):
Mitungi yenye mita ipo, unalipia gesi kwa simu hata buku. Dada yangu anayo, ila mtaani kwetu wakala hajafika. Mbagala je?

Mleta mada:
Mkungu ni njaa, mwalimu, nilikuwa nawaza ndizi. Wakala wa mita hata kwetu bado. Jana nimemwendea mama mwenye nyumba na hesabu zangu, nikamwomba kila chumba kiwekwe mita yake ndogo. Kasoma karatasi mara mbili, kavua miwani, kaniuliza: "Mwanangu, na hizo mita ananunua nani?" Tumekubaliana tukutane Jumamosi wapangaji wote. Nitawaletea mrejesho.