Tupeane uzoefu: uliloliahirisha likakugharimu, au ulilolifanya papo hapo likakuokoa

Saa Kumi Kasoro: Wakuu, habari za muda huu. Leo ofisini wamepitisha fomu za warithi, zile za kuandika nani alipwe mafao yako ukifariki. Jirani yangu wa meza akaisukuma pembeni: "Hii nitajaza nikitulia." Nikashtuka. Tuliwahi kuwa na mwenzetu mwenye maneno hayohayo. Alishaachana na mke wa kwanza, akaoa tena, ana watoto wadogo, lakini fomu iliyomo kwenye faili bado ina jina la yule wa zamani. Anakumbushwa, anacheka, "nikitulia". Akafa ghafla. Mjane na mtalaka wanavutana mpaka sasa, na sisi tuliokuwa tunakaa naye tunaulizwa marehemu alikusudia nini. Lete na wewe cha kwako.

Kifungo cha Shati: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Naunga mkono hoja.

Nusu Bisibisi: Mimi fundi magari, kwa hiyo mada hii ndiyo inayonilisha. Breki zikianza kulia, jueni pedi nyingi zimewekewa kibati makusudi kipige kelele zikikaribia kwisha. Mteja anafanyaje? Anaongeza sauti ya redio. Anakuja kwangu chuma kinasaga diski, na badala ya kununua pedi tu ananunua vyote. Afadhali breki lakini, maana zinalia. Mkanda wa taimingi, ule wa kwenye injini unaofanya pistoni na valvu ziende kwa mpangilio, haulii. Umepangiwa kilomita zake kwenye kitabu cha gari, zikifika unabadilisha hata kama kwa macho ni mzima. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, kwa injini nyingi pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, hapo tunafungua silinda hedi na wewe unaanza kupiga simu za kukopa.

Kesho Asubuhi: Na ile "njoo kesho gari liko tayari" mnayotuambia mafundi, nayo iko kwenye kitabu?

Nusu Bisibisi: Hiyo fungulia uzi wake.

Mtoto wa Pili: Nilikuwa nasoma tu, ila hilo neno "haulii" limenichoma. Kaka yangu ni mwalimu. Ulikuwa msimu wa kusahihisha mitihani. Jioni moja akasema anaona miale inamulika pembeni mwa jicho, hata akifumba. Kesho yake vikaja vidoa vyeusi, vingi kwa mpigo, vinaelea kila anapogeuza jicho. Maumivu hakuna hata chembe, maana lingemuuma angekimbia mwenyewe. Akasema ni uchovu, akimaliza rundo lile ataenda kupima. Nikamwambia twende sasa hivi, nitaendesha mimi. Tukagombana. Akaniambia namchulia, shemeji naye akaniona mkorofi ninayemsumbua mtu mwenye kazi.

Kikaja kivuli, kinapanda kutoka chini kama pazia linalovutwa kinyume. Bado anasahihisha! Anageuza karatasi upande wa jicho zima. Siku alipoamka, akiziba jicho zima, akawa anaona masikio yangu na mabega lakini uso hauonekani, ndipo akakubali kuvaa viatu.

Daktari alieleza kwa upole, na upole ule uliuma kuliko angefoka. Retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ulianza kwa kuchanika mahali padogo. Ukiwahiwa hapo, kingo za mchaniko hugandishwa kwa leza na mtu anarudi kwake siku hiyohiyo. Wa kaka ulikuwa umeshabanduka mpaka katikati, pale panapotumika kusomea na kutambua nyuso. Akafanyiwa upasuaji, wakamjaza gesi jichoni, akaambiwa akae ameinamisha kichwa mchana na usiku ili gesi ikandamize retina irudi mahali pake. Ilirudi. Kuona kulirudi nusunusu, mstari ulionyooka yeye anauona umepinda.

Ile mitihani ilimaliziwa na mwalimu mwenzake kwa mchana mmoja.

Kesho Asubuhi: Daah. Pole sana.

Tarumbeta: Jamani mimi vidoa vinavyoelea naviona tangu niko shule, hasa nikitazama mawingu. Nifanyeje? Naomba jibu haraka.

Zamu ya Usiku: Mimi ni muuguzi. Vya siku zote ulivyovizoea kwa kawaida havina shida. Vikizuka vipya vingi kwa ghafla, au pamoja na miale, au kivuli kinachoziba sehemu ya jicho, hiyo ni dharura, nenda siku hiyohiyo. Wasioona mbali, wenye miwani mikali, wako kwenye hatari zaidi. Pia aliyewahi kupigwa kwenye jicho.

Tarumbeta: Miwani yangu ni mikali.

Zamu ya Usiku: Basi kapimwe, acha kuniuliza mimi.

Saa Kumi Kasoro: Wakuu, turudi kwenye mada.

Kifungo cha Shati: Mada si ndiyo hii?

Mlango wa Nyuma: Mimi nitakuwa tofauti. Kufanya papo hapo ndiko kulikomponza dada yangu. Bosi alimtumia barua pepe ya kejeli usiku, akajibu palepale, tena akabonyeza jibu liende kwa wote. Angelala kwanza bado angekuwa na kazi. Haraka haraka haina baraka.

Darubini: Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Muulizeni Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza. Wazo la uteuzi wa asili, kwamba viumbe vinavyoyaweza mazingira ndivyo vinavyosalia na kuzaa, alikuwa nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1830, akalikalia. Mwaka 1858 akapokea barua ya Alfred Russel Wallace, yuko visiwani huko Asia, na wazo ni lilelile! Ndipo alipokurupuka. Maandishi ya wote wawili yakasomwa London Julai ile, kitabu kikatoka 1859. Nusura miaka 20 iende bure.

Mlango wa Nyuma: Kwani alikuwa amelala? Kama miaka 8 katika hiyo alikuwa anachambua vile viumbe vya baharini vinavyoganda kwenye miamba na meli. Kukusanya ushahidi si kuahirisha.

Darubini: Mbona barua ilipofika kitabu kilikamilika ndani ya mwaka na ushee?

Mlango wa Nyuma: Kwa sababu ushahidi alikuwa nao! Wewe barua ikikufikia leo utaandika nini?

Kesho Asubuhi: 😂😂 Darubini kajibu hiyo.

Tarumbeta: Tupeni dawa basi. Nimesoma kwa David Allen, Mmarekani: jambo la chini ya dakika mbili lifanye hapohapo.

Kifungo cha Shati: Nililijaribu hilo. Nilishinda na ya dakika mbili mbili mpaka jua likazama, kazi kubwa iko palepale inanitazama.

Darubini: Tega saa dakika 25, pumzika 5. Ni mbinu ya Francesco Cirillo wa Italia, akiwa mwanafunzi alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya.

Kesho Asubuhi: Zile 5 kwangu huwa zinazaa.

Zamu ya Usiku: Nyie mnafukuzana na saa wakati wodini naona kitu kingine. Wanaochelewa si wavivu. Wengi ni wachapakazi wa kupindukia, kama huyo mwalimu. Kazi alikuwa nayo, lakini alichokuwa anakikwepa ni jibu la daktari. Ndiyo maana kumgombeza mtu wa namna hiyo hakusaidii, unamwongezea woga. Mwambie "naogopa kwenda peke yangu kupima, nisindikize", mtapimwa wote.

Mtoto wa Pili: Umegusa penyewe. Baba yetu alipofuka. Kaka hajawahi kulitaja hilo kwa mdomo wake, na siku ile tunagombana mimi nilimpigia kelele za uzembe tu.

Nusu Bisibisi: Pole ndugu yangu. Wateja wangu nao wako hivyohivyo, wanaogopa kuambiwa gari lina nini.

Tarumbeta: Fundi, kabla hujaondoka, langu lina cheni, sio mkanda. Niko salama?

Nusu Bisibisi: Cheni kwa kawaida haipangiwi kilomita za kubadilishwa. Ila inaishi kwa oili. Ukichelewesha kumwaga oili inalegea, asubuhi ukiwasha utaisikia inagonga sekunde chache kisha inanyamaza. Lako linagonga?

Tarumbeta: Linagonga.

Nusu Bisibisi: Lilete. Ila jicho kwanza.