Naomba ushauri: watoto watatu wa madaraja tofauti, masomo yote nyumbani, mwalimu ni mimi peke yangu

Mama Watatu (Fort Worth)

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni Mkenya ninayeishi Fort Worth, Texas, na pamoja na mume wangu tumeamua kuwasomesha watoto wetu nyumbani. Wa kwanza ana miaka 12, wa pili 9 na kitindamimba 6, yaani kwa huku ni daraja la 7, la 4 na la 1. Upande wa sheria nimeshaufuatilia: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Texas wa mwaka 1994 katika kesi ya Leeper, shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule ya binafsi, mradi mzazi awe na mtaala wa kweli unaogusa kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Kinachonielemea ni ufundishaji wenyewe. Nimenunua kitabu cha kila somo kwa kila mtoto, lakini saa nane mchana hunikuta bado niko kwenye hisabati ya mkubwa, mdogo amekwisha kuhamia ukutani na kalamu zake za rangi, na sayansi na historia zimekuwa masomo ya kuahirishwa. Kiswahili nacho ningependa wakiandike, wasiishie kumwamkia bibi yao kwenye simu. Wenzangu mnayagawaje masomo?

Mama Pacha (Houston)

Pole, dada, ila naona umefungua shule tatu ndani ya nyumba moja. Hisabati na kusoma hupandwa ngazi kwa ngazi, kwa hiyo hayo kila mtoto asome peke yake kwa kiwango chake, tena asubuhi. Historia, sayansi na jiografia hazina ulazima huo. Waweke meza moja, mada iwe moja, kisha utofautishe kazi unayowadai. Bahati yako ni kwamba shule za umma za Texas zimezoea kufundisha historia ya jimbo katika daraja la 4 na tena la 7, yaani madaraja ya wanao wawili. Chukua tarehe 19 Juni 1865, siku ambayo Jenerali Granger alitangaza huko Galveston kwamba watumwa wa Texas wako huru, ilhali tangazo la Rais Lincoln lilikuwa limetolewa tarehe 1 Januari 1863. Wa miaka 9 asimulie kwa maneno yake jambo lililotokea. Wa miaka 12 aandike ukurasa mmoja akieleza kwa nini uhuru ulichelewa kufika zaidi ya miaka miwili. Mdogo asikilize na kuchora, safari hii kwenye karatasi.

Mwalimu Mstaafu (Morogoro)

Nakubaliana na Mama Pacha, isipokuwa kwa huyo wa miaka 12, ambaye sayansi yake ikibaki ya kusikiliza pamoja na wadogo zake atafika sekondari hajui kuandika ripoti ya jaribio. Mtengee walau vipindi viwili kwa wiki vya peke yake.

Kuhusu hisabati inayokula siku nzima, chunguza kwanza anakwama wapi, maana watoto wengi wa umri huo huonekana wameshindwa uwiano na asilimia kumbe kilicholegea ni sehemu. Muulize ipi ni kubwa, 2/3 au 3/5, na akueleze sababu. Akikimbilia kuzidisha kimkingamo bila kuweza kueleza anachofanya, mpe vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, kimoja akigawe mara tatu, kingine mara tano, avipange sambamba na kutia rangi. Usimsogeze mbele mpaka aweze kulijibu swali la namna hiyo bila karatasi. Kitabu kitasubiri, hakuna mkaguzi anayekuhesabia kurasa.

Mpima Ardhi (Nairobi)

Mama Watatu, kama watoto wako wana binamu huku, kuna somo moja la sayansi na jiografia litakalowatosha wote watatu. Karibu na tarehe 20 Machi, wasimike fimbo ya mita moja wima mahali tambarare na wapime kivuli kila baada ya dakika tano, kuanzia saa saba mchana kwa saa za kwenu, hadi wapate kile kifupi kuliko vyote. Fort Worth kitakuwa kama sentimita 64. Nairobi, siku hiyohiyo, binamu zao watapata kama sentimita 2 tu. Mdogo atapima, wa kati atachora grafu, mkubwa atafute kwenye ramani latitudo za miji hiyo miwili na aeleze tofauti inatoka wapi.

Bibi wa Pwani (Mombasa)

Mwanangu, huyo wa miaka 6 anzia silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo ataonja utamu wa kusoma mapema, lakini usikifundishe katika kipindi kimoja na Kiingereza, kwani irabu zitamchanganya. Wakubwa wamwandikie bibi yao barua halisi kila mwezi. Usiwakaririshe majedwali ya ngeli. Akiandika «kitabu imeanguka», mwachie bibi mwenyewe amrekebishe katika majibu yake.

Mama Watatu (Fort Worth)

Shikamoo, Bibi, na shikamoo, Mwalimu. Nimeelewa, na vitabu vya historia vya mtoto mmoja mmoja nitaviuza. Swali la mwisho: mkubwa akitaka kuingia shule ya umma daraja la 9, nitaonyesha nini?

Mama Pacha (Houston)

Shule inaweza kumpima kwa mtihani wake au kuangalia kazi zake kabla ya kumpangia daraja. Weka faili moja kwa kila mwaka: orodha ya vitabu, insha chache zenye tarehe, majaribio ya hisabati na ripoti za sayansi alizozitaja Mwalimu. Hiyo ya kivuli iwe ya kwanza.