Mnunuzi akidai cheti cha ubora, anatafuta bidhaa nzuri au anajikinga?

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Siku hizi ukifungua tangazo la zabuni, kabla hujafika kwenye bei unakutana na sharti: msambazaji awe na cheti cha mfumo wa usimamizi wa ubora, mara nyingi ISO 9001, kiwango cha shirika la kimataifa la viwango. Nimekaa upande wa manunuzi miaka mingi na sharti hilo nimeliandika mwenyewe mara zisizo na idadi. Sasa nauliza bila aibu: tunadai cheti kwa kuwa kinatuletea bidhaa nzuri, au ili siku mambo yakiharibika tuwe na karatasi ya kumwonyesha bosi?

Msimamo wangu ni kwamba hiyo ya pili ina nguvu kuliko tunavyokiri, lakini bado sharti lina maana. Kiwango hiki hakisemi bidhaa iweje. Hutakuta humo unene wa bati wala muda wa betri kukaa na chaji. Kinachokaguliwa ni namna kazi inavyoendeshwa: mchoro ukibadilika nani anaidhinisha, mizani ilihakikiwa lini, mzigo wenye kasoro unatengwa wapi usichanganyike na mzima, lalamiko la mteja linamfikia nani na linaishia wapi. Kwa hiyo anayeona cheti hajauona ubora. Ameona dalili kwamba akipiga simu kuuliza "mzigo huu ulitengenezwa siku gani, kwa mashine ipi, kwa malighafi ya nani?" kuna mtu mwenye jibu. Kama umewahi kurudisha shehena nzima kwa sababu hakuna aliyejua ni maboksi yapi yaliyoguswa na kosa, unajua jibu hilo lina bei gani.

Karibuni mnipinge.

Mwenye Karakana

Mkuu, nakupinga mchana kweupe. Tuko watu kumi na wawili. Cheti kinataka mshauri alipwe, ada ya ukaguzi ilipwe, mkaguzi arudi kila mwaka, na mwaka wa tatu tunakaguliwa upya mzima mzima. Kampuni kubwa inaigawa gharama hiyo kwenye maelfu ya oda. Mimi naibeba mgongoni.

Na msikilizeni hili. Nilikosa zabuni kwa kukosa cheti. Aliyeshinda akaja kwangu kwa mlango wa nyuma nimtengenezee. Bidhaa zangu zikaenda kwa mnunuzi yuleyule aliyenikataa, zikiwa na lebo ya mwenye cheti. Haya, ubora ulitoka wapi?

Mkaguzi Mstaafu

Pole, ndugu yangu. Hilo la mlango wa nyuma kiwango chenyewe kimeligusa. Kifungu cha 8.4 kinamtaka mwenye cheti awachague, awapime na awafuatilie watu anaowapa kazi. Hakimlazimishi kutafuta wenye cheti tu. Wanunuzi wamelichukua sharti ambalo kiwango hakikuliweka, kwa kuwa kuuliza "una cheti?" ni rahisi kuliko kwenda kuangalia.

Ila tusiwacheke sana. Zamani kila mnunuzi mkubwa alituma wakaguzi wake. Jeshi la Marekani lilikuwa na masharti yake ya mfumo wa ubora, MIL-Q-9858, tangu 1959. Wengine nao wakaandika ya kwao. Kiwanda kimoja kikawa kinapokea wageni wa wateja tofauti, kila mmoja na maswali yake, na wote wanataka kuona kabati lilelile. Uingereza ikatoa BS 5750 mwaka 1979, na hiyo ndiyo ikawa msingi wa familia ya ISO 9000 mwaka 1987. Wazo lilikuwa mtu wa tatu akague mara moja, wanunuzi wote wapokee majibu. Wazo zuri tu. Tatizo ni kwamba huyo mtu wa tatu analipwa na anayekaguliwa.

Karani wa Stoo

Mimi nasema niliyoyaona. Fomu za miezi mitatu zilijazwa usiku mmoja, kesho yake mkaguzi anakuja. Kalamu tulibadilisha-badilisha ili wino usifanane. Tukafaulu.

Bi Zabuni

Karani umenichekesha, lakini kuna mahali mchezo huo uliumiza watu. Kampuni ya Kifaransa ya PIP ilitengeneza vipandikizi vya matiti. Mfumo wake wa ubora ulikaguliwa na kupitishwa na TÜV Rheinland ya Ujerumani, shirika lenye jina. Mwaka 2010 ikagundulika kuwa vingi vilijazwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Wakaguzi walikuwa wakija kwa taarifa, na gel haramu ilifichwa kabla hawajafika.

Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2017 ikasema kwamba, kwa sheria ya wakati ule, shirika la namna hiyo halikuwa na wajibu wa jumla wa kwenda bila taarifa wala kupima bidhaa yenyewe. Wajibu wa kuchimba zaidi ulikuja pale dalili za kasoro zilipoonekana. Wanunuzi wenzangu, isomeni tena hiyo. Mnadhani cheti kimewapimia bidhaa. Hakijapima.

Mleta mada

Bi Zabuni, hilo ndilo nililolisema pale juu, ila wewe umelipa mfano wenye uzito.

Mkaguzi Mstaafu

Basi cheti kisomwe. Wengi wanaangalia nembo na tarehe tu. Angalia wigo: kuna kampuni imethibitishwa kwa "uuzaji na usambazaji" huku wewe unanunua inachotengeneza. Angalia anwani, ni kiwanda kile au ofisi ya makao makuu? Angalia aliyekitoa ana ithibati ya nani, yaani nani amemkagua yeye na kumtambua kuwa anafaa kutoa vyeti. ISO yenyewe haitoi vyeti, kwa hiyo ukiona kilichoandikwa "kimetolewa na ISO", kirudishe hapohapo. Kuna daftari la mtandaoni la kuhakiki vyeti, linaitwa IAF CertSearch, dakika chache tu umemaliza.

Na wewe Karani, hizo fomu nyingi huenda hazikuhitajika. Toleo la 2015 liliondoa hata ulazima wa kitabu cha mwongozo wa ubora. Watu wanajaza makabati kwa mazoea, kisha wanakilaumu kiwango.

Mwenye Karakana

Mzee, nimekuelewa, na ninashukuru kwa pole. Lakini mimi sijapata jawabu. Mnunuzi aje kwangu. Milango iko wazi, aje hata bila taarifa, apime bidhaa mwenyewe. Kwa nini hilo lisitoshe?

Mleta mada

Kwa sababu tuko watatu ofisini na wasambazaji ni mamia. Nikija kwako siendi kwa mwingine. Lakini nakubali jambo moja: kwa vitu ambavyo kikiharibika kimoja hakimuumizi mtu, hakuna haja ya cheti. Nitaandika "cheti, au ukaguzi wetu wenyewe" na bosi akinuna nitamweleza. Kwa vifaa vya tiba au breki za gari sibadiliki. Huko cheti nitakidai na kupima nitapima.

Sasa na mimi nikuulize, ndugu yangu, bila ubaya. Mzigo uliotoa juzi, unaweza kuniambia malighafi yake ilitoka kwa nani?

Mwenye Karakana

Wa juzi, naam, hata sasa hivi.

Mleta mada

Na wa mwaka jana?

Mwenye Karakana

Wa mwaka jana angejua fundi wangu mkuu. Ameshaacha kazi.